Blanketi la Sumbawanga Halifai Milepa

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami naomba idhini yao niongeze kwamba kitanda usichokilalia hujui hata joto lake. Mgeni hupokewa mzigo, hupewa maji ya kuoga, hukaribishwa chakula, kisha huonyeshwa chumba kilichofagiliwa na kitanda kilichotandikwa kwa heshima zote. Hushukuru kwa moyo mkunjufu. Lakini habari za kitanda chenyewe hazijui mpaka taa izimwe.

Mwezi mmoja wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nilikuwa mgeni wa familia ya wakulima wa mpunga katika Kata ya Milepa, Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa. Asubuhi ya siku hiyo niliondoka mjini Sumbawanga nikiwa nimevaa sweta. Gari lilipomaliza kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuingia katika Bonde la Ziwa Rukwa, sweta lilikuwa limekwisha rudi mkobani, na akina mama waliokuwa wamejitanda vitenge mabegani kwa sababu ya baridi walikuwa sasa wakijipepea navyo.

Wenyeji wa mkoa huu hawastaajabii jambo hilo. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali bonde liko kiasi cha mita 800 tu. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Kwa hiyo mtu anayetoka Sumbawanga kwenda Milepa huhamia katika hali ya hewa nyingine kabisa bila kuvuka mpaka wa mkoa wake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu huyo hubadilisha nguo ya mchana, lakini habadilishi matandiko ya usiku. Blanketi lililonunuliwa kwa ajili ya Julai ya Sumbawanga hushuka naye mlima, likatandikwa Milepa, na likalaliwa Oktoba.

Usiku ule sikupata lepe la usingizi mpaka karibu na alfajiri. Nilipokuwa macho nikasikia, upande wa pili wa ukuta, kwamba si mimi peke yangu. Mtoto alikuwa akigaagaa na kulalamika, na mama yake alikuwa akimpepea kwa kitu chenye sauti ya karatasi. Mara kupepea kulikoma kwa kuwa mama kashikwa na usingizi. Mara mtoto akalia, kupepea kukaanza upya. Hali ikawa hiyo hadi jogoo wa kwanza.

Kulipokucha nilimwomba mama wa nyumba anionyeshe mahali mtoto wake alipolala. Alisita kidogo, kisha akacheka, akanikaribisha. Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Juu ya kitanda kulikuwa na chandarua kizuri kilichotiwa dawa, hakijatoboka popote. Lakini kilikuwa kimekunjwa na kufungwa fundo, kikining'inia kutoka darini kama mzigo wa msafiri.

"Chandarua tunacho, dada," alisema kabla sijauliza. "Tatizo ni kwamba nikikishusha mtoto anapiga mateke mpaka anatoka nje. Joto. Sasa nifanye nini? Nimfunge kamba?"

Mtoto huyo, wa miaka minne, alikuwa amemaliza dawa ya mseto ya malaria wiki mbili tu zilizopita.

CHANZO CHA JOTO

Ndugu msomaji, ni rahisi kwa mtu wa mjini kumlaumu mama yule. Tumezoea kusema kwamba wananchi wamepewa vyandarua lakini hawavitumii, kana kwamba ni ukaidi. Mama yule hakuwa mkaidi. Aliujua ugonjwa, alimjua mbu, na alikuwa amekesha akimpepea mwanawe. Kasoro haikuwa katika akili yake wala katika chandarua. Kasoro ilikuwa chini ya mtoto.

Nilipoinua shuka nikakuta godoro la sponji la nchi sita, jipya, likiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni liliotoka nao dukani. Juu ya mfuko huo kulitandikwa shuka linalong'aa, laini kama hariri, la poliesta. Juu ya shuka, kwa kuwa godoro lilikuwa likiteleza, kulikuwa na blanketi nene lililokunjwa mara mbili. Hilo ndilo tandiko la mtoto wa Milepa katika mwezi wa Oktoba.

Nikauliza kwa nini nailoni haijavuliwa. Jibu lake lilinitia haya. "Godoro hili ni magunia ya mpunga, dada. Mtoto bado anakojoa. Likiharibika nitapata wapi jingine?" Na shuka lile linalong'aa alipewa siku ya harusi yake, ndilo shuka bora nyumbani mwake, na alikuwa ameamua kwamba mtoto aliyetoka kuugua alalie kitu bora. Kila kitu katika kitanda kile kilikuwa kimewekwa kwa mapenzi.

Sasa tutazame mapenzi hayo yalivyogeuka kuwa moto.

Mwili wa binadamu hauzimiki unapolala. Mtu mzima aliyelala hutoa joto linalokaribia lile la taa ya umeme ya wati 70 au 80. Wakilala watu watatu kitanda kimoja, ni kama taa tatu zimewashwa chini ya blanketi moja. Isitoshe, ili usingizi uingie vema, mwili hutaka kupoa: joto la ndani hushuka polepole tangu jioni, kiasi cha nyuzi 1 hivi, na mwili hulitoa joto hilo kupitia ngozi, hasa ya mikono na nyayo. Ndiyo maana mtu akizidiwa na joto usiku hutoa miguu nje ya shuka kabla hata hajaamka. Mwili usipopata njia ya kutoa joto, usingizi huwa wa mang'amung'amu.

Katika nchi ya joto njia kubwa ya kutoa joto hilo ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Hupoza linapokauka. Tone linaloondoka na kuwa mvuke huchukua joto la ngozi likaenda nalo. Tone linalobaki limenata mgongoni halichukui kitu. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila tandiko ni hili: je, jasho la mlalaji litapata pa kupita?

Katika kitanda cha mtoto yule halikuwa na pa kupita. Poliesta hainywi maji. Hata kukiwa na unyevu wa kawaida hewani, uzi wake hauchukui hata nusu ya asilimia 1 ya uzito wake, ilhali uzi wa pamba huchukua kiasi cha asilimia 8, na kanga ya pamba ikipakatwa na jasho huendelea kulinywa na kulitoa upande wa pili. Nailoni iliyofunika godoro ni ukuta usio na tundu hata moja. Sponji yenyewe imejaa vijishimo vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni blanketi. Hivyo mlalaji anayedidimia katika sponji amefunikwa kutoka chini. Ongeza blanketi halisi juu yake, kisha ushushe chandarua ambacho kwa umbile lake hupunguza upepo unaomfikia mlalaji. Mtoto alipopiga mateke, aliona adui aliye karibu naye, yaani chandarua. Adui wa kweli alikuwa amemlalia mgongo.

Ndipo nilipoelewa kwamba mambo tuliyozoea kuyatenganisha hayatengani. Matandiko huhesabiwa katika mambo ya starehe na urembo wa nyumba, na chandarua huhesabiwa katika mambo ya afya. Kumbe tandiko lisilopumua humfanya mtu aitupe kinga yake mwenyewe usiku wa manane, akiwa nusu usingizini, bila hata kukumbuka asubuhi kwamba aliitupa.

HASARA YAKE SI NDOGO

Mbu wa malaria huuma hasa usiku, watu wanapokuwa vitandani. Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika vita hivi. Tangu mwaka 2004 hadi 2014 akina mama wajawazito walipata vyandarua kwa bei nafuu kwa Hati Punguzo. Baadaye vikagawiwa bure kwa kampeni za nchi nzima, shuleni, na katika kliniki za wajawazito na watoto. Uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea vya malaria walipungua kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 hivi mwaka 2022. Hayo ni maisha ya watoto wengi. Hata hivyo, watafiti wanapouliza kwa nini chandarua kilichomo nyumbani hakikutumika usiku uliopita, joto hutajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu.

Hasara ya pili ni usingizi wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa mwaka mmoja au miwili saa 11 hadi 14. Na mchanga wa miezi minne hadi kumi na mmoja saa 12 hadi 16. Usingizi mzito ndio wakati mwili hutoa kwa wingi homoni ya kukuza mtoto. Mtoto anayeamka kila saa kwa joto huamka asubuhi amekasirika, hali vizuri, na akifika shuleni husinzia. Na mama aliyekuwa akimpepea huenda shambani na jembe begani bila kulala.

WAZEE WALILALIA NINI?

Katika nyumba ile alikuwapo bibi mzaa baba, aliyekuwa akitusikiliza kutoka barazani. Nilipomwamkia shikamoo na kuketi karibu naye, aliitikia marahaba kisha akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia ukweli, kwamba sikulala. Akacheka. "Mjukuu wangu, mmeletewa vitanda vya nchi ya baridi," alisema. "Sisi tulilalia mkeka juu ya kitanda cha kamba. Upepo ulipita chini, ukapita juu."

Maneno ya bibi yana elimu ndani yake. Kitanda cha kamba, kile cha miti minne ya pembeni iliyosukiwa kamba katikati, hakikumpikia mtu mgongo. Kina matundu chini, kinampokea mlalaji bila kumzamisha, na jasho hukauka pande zote mbili. Mkeka wa ukindu nao haushiki ngozi. Katika miji ya pwani, ambako joto ni jamaa wa kila siku, wako watu mpaka leo wanaotandika mkeka juu ya godoro lao la sponji wakati wa kaskazi, wakapata faida ya vyote viwili, ulaini wa godoro na ubaridi wa mkeka.

Na wakazi wa bonde hili hawakuwa wageni wa nguo ya pamba. Kabla ya ukoloni, pamba ililimwa katika Bonde la Rukwa, ikasokotwa uzi kwa mkono, na kufumwa nguo nzito katika vitanda vya mfumi. Wasafiri wa Kizungu waliopita Ufipa katika karne ya 19 waliwakuta wafumaji hao wakiwa kazini. Biashara ya nguo za kigeni, ikiwamo merikani iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani, iliwashinda polepole, kwa kuwa nguo ya kiwandani ilikuwa rahisi na ya haraka. Mwishowe vitanda vya mfumi vikanyamaza. Leo, katika bonde lililokuwa likifuma pamba yake, mtoto analalia nailoni. Sisemi hivi ili turudi nyuma. Hakuna atakayemtaka mama mwenye godoro aliuze akasuke kamba. Nasema kwamba ujuzi wa kulala mahali penye joto ulikuwapo hapa hapa, na haukuhitaji kuletwa na mtaalamu wala na mwandishi wa gazeti.

TULIVYOFANYA JIONI ILE

Siku ile ya pili tulishauriana, mama wa nyumba, bibi na mimi. Tulikubaliana tutumie vitu vilivyomo ndani tu, bila kununua kitu.

Kwanza tulivua mfuko wa nailoni. Hatukuutupa, maana hofu ya mama juu ya mkojo ilikuwa hofu ya haki. Tulikata kipande chake chenye upana wa hatua moja hivi, tukakiweka mahali kiuno cha mtoto kinapofika tu, na juu yake tukatandika kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Sehemu nyingine yote ya godoro ikabaki wazi ipumue. Godoro lenyewe lilikaa nje kwa saa mbili alasiri likipigwa na jua, kisha likaachwa kivulini lipoe kabla ya kurudishwa ndani, kwani godoro lililotoka juani moja kwa moja huwa kama tofali lililotoka tanuruni.

Pili, tulitandika mkeka wa bibi juu ya godoro, na juu ya mkeka kanga mbili za pamba zilizofuliwa mara nyingi hata zikawa laini. Shuka la harusi tulilikunja likarudi sandukuni, ambako litakaa na heshima yake. Blanketi likaenda kulala juu ya kabati.

Tatu, tuliitazama nafasi ya kitanda. Kilikuwa kimesukumwa pembeni kabisa, mbali na dirisha, na ukuta wa upande ule ulikuwa umepigwa na jua la magharibi mchana kutwa. Ukiuweka mkono juu yake saa mbili za usiku ulikuwa bado una moto. Tulikivuta kitanda mpaka mkabala wa dirisha, tukaacha nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani. Kisha tulishusha chandarua na kukitanua kwa kamba katika pembe zote nne, badala ya kukining'iniza kwa kamba moja ya kati. Chandarua kilichotanuka kama chumba hakimgusi mlalaji, na hewa hupata pa kuzunguka. Zaidi ya hayo, mbu hawezi kumuuma mtoto kwa kupitia kitambaa kilichogusana na ngozi yake.

Mwisho, mtoto alioga maji ya uvuguvugu baada ya chakula cha jioni, akavaa kaptura tu.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba Milepa iligeuka Sumbawanga. Joto lilikuwapo. Nililisikia mwenyewe, nikiwa nami nimetandikiwa kanga badala ya blanketi. Kelele za upande wa pili wa ukuta zilikuwapo pia saa tatu za usiku, zikapungua saa nne, kisha kukawa kimya. Asubuhi mama aliniita kwa mkono bila kusema neno. Mtoto alikuwa amelala fofofo, miguu ameitawanya kama mwenye shamba lake, na chandarua kilikuwa chini, kimechomekwa pande zote.

Usiku mmoja hauthibitishi kitu, na mama yule alilijua hilo kuliko mimi. Aliniambia atapima kwa mwezi mzima. Nadhani kipimo hicho ni bora kuliko changu.

UPANDE WA PILI WA MLIMA

Wasomaji wetu wa Sumbawanga, na wa nyanda nyingine za baridi kama Njombe na Makete, wataniuliza: sisi yatuhusu nini? Yanawahusu, ila kwa kugeuzwa. Kwenu tandiko baya halitupi chandarua, bali huingiza jiko chumbani.

Mwezi wa Juni na Julai, blanketi moja linaposhindwa kuikabili baridi, wako watu wanaochukua jiko la mkaa, wakaliweka ndani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu badala ya hewa safi. Anayelala nayo haamshwi na kikohozi, huzidi kulala. Familia nzima zimepotea kwa njia hii. Hakuna blanketi lenye bei kubwa kuliko hiyo.

Na hata katika nchi ya baridi, tandiko linapaswa kupumua. Anayelalia nailoni na kujifunika blanketi zito hutoka jasho usiku wa manane. Jasho hilo hubaki katika shuka, na alfajiri, baridi inapokuwa kali kuliko saa zote, shuka lenye unyevu humrudishia baridi mara mbili. Shuka la pamba linalogusa mwili, kisha mablanketi mawili mepesi badala ya moja zito, ndiyo njia bora: kati ya blanketi na blanketi kuna hewa inayohifadhi joto, na ukizidiwa unaondoa moja. Anayelala chini aweke jamvi nene au kitanda chochote chini yake, kwa kuwa baridi ya sakafu hupanda; na katika nyumba za udongo nyufa za sakafu zinaweza kuwa maskani ya papasi, waletao homa ya kujirudia.

MTOTO MCHANGA

Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, hupoteza joto upesi. Anahitaji kukaushwa, kufunikwa na kuwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, hata Milepa. Lakini siku zinavyokwenda, hatari ya upande wa pili nayo ipo: mtoto aliyefunikwa kupita kiasi, akavikwa kofia ndani ya nyumba na kuzungushiwa mito na mablanketi laini, anaweza kuzidiwa na joto au kuzibwa pumzi. Alale chali, juu ya tandiko lililokaza, bila mto. Kumpima usiguse mikono yake, maana mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto. Gusa nyuma ya shingo au kifua. Ukikuta jasho, punguza nguo moja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Unapokwenda kununua shuka, usiangalie maua yake peke yake. Lifumbate mkononi: pamba hukunjamana na hunywa tone la maji, nailoni na poliesta huteleza, na tone husimama juu yake. Kama fedha haitoshi kununua shuka la pamba, kanga au kitenge cha pamba kilichochakaa ni shuka zuri kuliko jipya linalong'aa. Fundi cherehani wa kijijini anaweza kukushonea mfuko wa pamba wa kuvika godoro lako, wenye mdomo wa kufungua ili ufuliwe. Hapo godoro litahifadhika na mlalaji atapumua.

Godoro na mito viwekwe juani mara kwa mara. Mto wa sufi hupumua kuliko wa sponji, ila nao hutaka jua ili usishike unyevu. Lakini chandarua chenye dawa kisianikwe juani. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini, kwani jua kali huua dawa yake. Chandarua kipya kitundikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kukilalia. Na wanaolala nje barazani kwa ajili ya joto, au katika dungu la kulinda mpunga, wachomeke miti minne na kutundika chandarua huko huko. Mbu hawana heshima ya mpaka wa nyumba.

Wenye umri wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati vikundi vya wananchi vilipokusanyika kando ya redio kijiji hata kijiji, vikajadili maradhi na kisha vikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwamba kila kikundi kiliangalia nyumba zake chenyewe kikauliza: kwetu hapa kasoro ni nini? Swali hilo linafaa kuulizwa leo chumbani. Mhudumu wa afya anapotembelea nyumba na kuona chandarua kimefungwa fundo, asiishie kukemea. Ainue shuka.

Nilipoondoka Milepa, mama yule alinifungia mchele kidogo na akanikabidhi pia blanketi lake nene. Anaye mdogo wake anayesoma mjini Sumbawanga, ambaye usiku wa Julai hutetemeka. "Mpelekee," alisema, "huko ndiko kwake." Nililipandisha mlima siku hiyo hiyo, nikiwa nimeliweka magotini, na tulipofika juu nilikuwa nimekwisha vaa sweta.